Kisukari na pombe: swali ambalo mgonjwa hapaswi kulikwepa

BUJUMBURA – Mtu anayeishi na kisukari anaweza kunywa pombe jioni, akapima sukari na kuiona nzuri, kisha akapoteza fahamu akiwa usingizini. Hatari hiyo hupungua sana pale muuguzi anapomwuliza mgonjwa kuhusu pombe kwa heshima, naye akajibu kwa ukweli.

Kinachotokea mwilini

Ini ni kama ghala: huhifadhi sukari na kuitoa kidogo kidogo mtu anapokuwa hajala. Pombe ikiingia mwilini, ini huishughulikia kwanza, na uwezo wake wa kutengeneza sukari hupungua. Kwa anayetumia insulini, au vidonge vinavyochochea kongosho kama glibenklamidi, sukari inaweza kushuka mno, hata saa nyingi baada ya glasi ya mwisho. Kwa upande mwingine, wanga na sukari vilivyomo katika bia na urwarwa vinaweza kuipandisha mwanzoni. Ndiyo maana kipimo cha usiku si dhamana ya asubuhi.

Dalili za sukari kushuka ni kutetemeka, kutoka jasho, kuchanganyikiwa na kuzungumza kwa ulimi mzito. Nyingi kati ya hizo hufanana na ulevi, na walio karibu husema: "Mwacheni alale." Huko kumwacha kunaweza kumgharimu maisha. Akiwa anaweza kumeza, apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, apimwe tena baada ya dakika 15, kisha ale. Asiyeweza kumeza asitiwe kitu mdomoni. Alazwe ubavu na afikishwe hospitali mara moja.

Chupa moja si kinywaji kimoja

Kwa hesabu inayotumiwa na Shirika la Afya Duniani (WHO), kinywaji kimoja kina gramu 10 za kilevi halisi. Chupa ya bia ya sentilita 65 yenye kilevi cha asilimia 5 ina takriban gramu 26. Kwa hiyo anayesema "nimekunywa mbili tu" amekunywa vinywaji vitano. Urwarwa na impeke hazina kipimo cha kutegemewa, kwani nguvu yake hutofautiana kutoka mtungi hadi mtungi. Na watu wanaponyonya kwa mirija kutoka mtungi mmoja, hakuna ajuaye amekunywa kiasi gani. Mnamo Januari 2023, WHO ilitamka kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya.

Aibu inayoficha ugonjwa

Katika mtaa wa Buyenzi na kwingineko wanakoishi Waswahili wa Bujumbura, Waislamu wengi hawanywi pombe kabisa, na hiyo ni kinga kubwa. Lakini anayekunywa kwa siri hubeba mzigo wa pili: huogopa kumweleza muuguzi ambaye huenda ni jirani yake. Muuguzi naye, akiona kofia au mtandio, huenda asiulize. Daktari akaona sukari inayopanda na kushuka bila sababu, akabadilisha dawa, kumbe sababu imo katika glasi.

Msaada unavyotolewa

WHO ilitayarisha maswali 10 yanayojulikana kama AUDIT. Matatu ya mwanzo hugusa kiini: unakunywa mara ngapi, vinywaji vingapi kwa siku ya kunywa, na ni mara ngapi unafikisha sita au zaidi. Baada ya hapo hufuata mazungumzo mafupi, bila lawama. Mgonjwa huelezwa jinsi pombe inavyogusa sukari yake, huulizwa angependa kubadilisha nini, na hukubaliana na muuguzi juu ya lengo dogo, kwa mfano siku kadhaa za juma bila pombe.

Asiyeweza kuacha mara moja ashike haya: asinywe akiwa na njaa, asiruke dawa ili apate kunywa, apime sukari kabla ya kulala, na amjulishe mtu mmoja anayemwamini kwamba ana kisukari. Anayetumia metformini azungumze na daktari, kwani unywaji wa kupindukia unaweza kusababisha asidi kujaa katika damu.

Wenyeji nao wana wajibu wao. Katika posa, harusi na matanga ya Burundi, kukataa kinywaji huweza kuonekana kama kumkataa aliyekitoa. Mwenyeji mwema humwekea mgeni maji au chai isiyo na sukari bila kumhoji mbele za watu. Fanta haifai kuwa badala ya bia kwa mwenye kisukari, isipokuwa sukari yake imeshuka.

Lakini anayetetemeka asubuhi kwa kukosa pombe asiache ghafla akiwa peke yake, kwani anaweza kupatwa na degedege. Huyo anahitaji uangalizi wa daktari. Mjini Bujumbura, Kituo cha Magonjwa ya Akili cha Kamenge (CNPK) ni miongoni mwa mahali pa kuomba msaada. Kwa wengine, hatua ya kwanza ni nyepesi: katika ziara ijayo ya kliniki, muuguzi asipouliza kuhusu pombe, mgonjwa aanze yeye kusema.