Beringi mpya kufa ndani ya miezi mitatu, kosa si la barabara peke yake

Mfanyabiashara wa kabichi na karoti wa Lushoto anayeshusha mzigo Mombo kwa Toyota RAV4 ya mtumba anaufahamu mlio huo. Gari likifika mwendo wa kilomita 60 kwa saa, gurudumu linaanza kuvuma kama ndege ya mbali. Beringi inabadilishwa, kelele zinakwisha, na baada ya miezi mitatu mvumo unarudi palepale. Lawama hutupiwa barabara.

Barabara ina mchango wake. Hata hivyo, beringi nzima ya gurudumu hutarajiwa kwenda zaidi ya kilomita 100,000. Mpya ikifa mapema hivyo, pa kutazama kwanza ni gereji.

Land Cruiser za 70 zina beringi za mbele ambazo fundi hufungua, hupaka grisi na kuzikaza upya. RAV4 ni tofauti. Beringi yake ya mbele huja imezibwa kiwandani na huingizwa kwa nguvu ndani ya chuma kinachobeba gurudumu, kazi inayotaka mashine ya presi. Fundi asiye nayo hushika nyundo. Kila pigo hupita kwenye gololi na kuacha vishimo vidogo katika njia yake, ambavyo jicho halivioni. Beringi imekwisha kuumia kabla gari halijatoka gereji. Hata presi huua beringi ikisukuma pete ya ndani wakati wa kuiingiza kwenye chuma hicho, badala ya pete ya nje.

Halafu kuna spea bandia, maana majina makubwa ya Japani hughushiwa na boksi zuri si ushahidi. Tuseme beringi ya bei poa ni Sh40,000, halisi ni Sh120,000, na ufundi ni Sh30,000. Ile ya kwanza ikibadilishwa mara tatu kwa mwaka inakula Sh210,000, ya pili Sh150,000. Hapo hazijahesabiwa siku za gari kulala, na kabichi haisubiri.

Mzigo wa kupita kiasi nao unachangia, pamoja na spesa wanazofunga vijana ili magurudumu yatokeze nje. Kuvuka mto beringi ikiwa ya moto ni hatari pia: inapoa ghafla na kunyonya maji kupitia sili iliyochoka.

Kona za Lushoto zinasaidia kumtambua mgonjwa. Mvumo ukizidi gari likikata kushoto, aanze kukaguliwa wa kulia, kwa kuwa uzito umehamia huko.

Anayetaka kununua gari la mtumba alinyanyue kwa jeki lililowekewa stendi, ashike tairi juu na chini, alitikise. Likicheza, mtu mwingine akanyage breki. Mchezo ukiisha, beringi ndiyo mbovu. Ukibaki, ni boljointi. Kwa vyovyote bei ishuke, na gari lisipakiwe mzigo kabla ya matengenezo, kwani beringi iliyolegea inaweza kulitoa gurudumu njiani.