Mafaili ya kompyuta na tatizo la anwani

Mtaalamu aliyezoea mfumo wa kompyuta wa Linux anapohamia mfumo wa FreeBSD, huenda akakumbana na jambo la kutatanisha. Programu fupi aliyoiandika, isiyo na kosa lolote, inakataa kufanya kazi.

Sababu ni anwani. Programu hiyo imeagizwa kumtafuta mkalimani wa maagizo yake, bash, mahali paitwapo /bin/bash. Katika FreeBSD, bash huwekwa /usr/local/bin/bash.

Mifumo hiyo miwili ni ya ukoo mmoja. Yote hufuata nyayo za Unix, iliyobuniwa mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani. Mafaili yake hupangwa mithili ya mti, ambao mzizi wake huandikwa kwa alama ya mkwaju.

Kila mmoja na mpango wake

Linux ilipojitokeza mwaka 1991, kila kundi lililoisambaza lilipanga matawi ya mti huo lilivyopenda. Programu iliyotengenezwa kwa toleo moja haikuwa na hakika ya kupata mafaili yake katika toleo jingine.

Mwezi Agosti 1993, watumiaji wa Linux walianza kutafuta mwafaka, na waraka wao wa kwanza ulitolewa tarehe 14 Februari 1994. Mwaka uliofuata walijiunga nao watengenezaji wa mifumo ya BSD, ukoo wa FreeBSD. Shabaha ikawa kuihudumia jamii nzima ya Unix, na kanuni hizo zikaja kuitwa FHS.

Maswali mawili

Msingi wa FHS ni maswali mawili. Je, faili laweza kutumiwa na kompyuta nyingi, au ni la kompyuta moja tu? Na je, hubadilika lenyewe kazi inapoendelea, au hubaki vilevile mpaka msimamizi alibadilishe?

Programu, ambazo hazibadiliki na zaweza kutumiwa kwa pamoja, huwekwa /usr. Mipangilio ya kompyuta husika huwekwa /etc. Kumbukumbu za matukio, ambazo huongezeka kila siku, huwekwa /var. Kwa mgawanyo huo, msimamizi hujua kipi cha kuwekea nakala ya akiba na kipi cha kufunga kisiguswe.

Hiari, si sheria

Hata hivyo, hakuna anayelazimishwa. Toleo la 3.0 la FHS lilitolewa mwaka 2015, lakini macOS ya kampuni ya Apple huweka mafaili ya watumiaji katika /Users, nayo NixOS huhifadhi programu zake katika /nix/store.

Kwa hiyo waandishi makini hawaitaji anwani ya bash moja kwa moja. Huiagiza programu iulize /usr/bin/env, ambayo huitafuta bash popote ilipo. Anwani hiyo ipo katika Linux na FreeBSD, na hata NixOS, iliyoacha karibu anwani zote za kale, imeibakiza.