Ni kiatu kinacheza mpira ama ni mguu?

Wanafunzi wenzetu, wamoja wetu wanakataa kuingia kiwanjani sababu hawana botini. Wanasema: «Mnipe viatu, ndipo mtaona!» Je, ni kweli?

Tuangalie kwanza kazi ya kiatu. Meno yake yanaingia katika udongo, na mguu hautelezi wakati wa kupiga ama kugeuka. Hata wachezaji wa golfu wanavaa viatu vya meno mafupi kwa sababu hiyo. Hapa Kirumba, mvua ikinyesha, kiatu kinasaidia kweli. Mwaka 1954, katika finali ya Kombe la Dunia kule Berne, Wajerumani walikuwa na viatu vya meno ya kubadilishwa. Mvua ilinyesha, wakaweka meno marefu, wakashinda Hungaria 3 kwa 2.

Lakini kiatu hakifundishi mtu. Mwaka 1960, kule Roma, Abebe Bikila wa Etiopia alikimbia marathoni, kilometa 42, miguu mitupu, akawashinda wote. Mwaka 1964, kule Tokyo, alivaa viatu, akashinda tena. Viatu vilibadilika, mazoezi hayakubadilika.

Tena tusisahau: meno ya kiatu yakikanyaga vidole vya asiyevaa, yanaumiza vibaya. Basi tunaomba, siku ya mazoezi, ama wote tuvae, ama wote tuvue. Hivyo hakuna mwenzetu atakayebaki pembeni kuchunga nguo za wengine.