Jiwe la Muchanga: kwa nini moja linapitisha maji na lingine linazuia?

Maji ya milima ya Masisi yanashuka mangaribi kwa muto Oso, yanaingia katika Lowa, yanapita Walikale mpaka Lualaba. Njiani yanabeba muchanga. Muchanga ule ukizikwa chini sana na kugeuka jiwe, je, utapitisha bado maji ao mafuta?

Jibu linatoka kwa mambo mawili.

La kwanza ni asili ya punje. Graniti ina kwarsi, feldspati na mika. Kwarsi ni ngumu, haiozi upesi. Feldspati inageuka polepole udongo mweupe. Kwa hiyo muchanga uliosafiri mbali unabaki na kwarsi nyingi. Ule uliolala karibu na mulima una bado feldspati na udongo.

La pili ni mambo yanayolipata jiwe kisha kuzikwa. Uzito wa juu unakaza punje: zilizo laini zinapondeka na kuziba njia, kwarsi inavumilia. Kiisha maji ya chini yanaleta chokaa ao silika, inayoshikanisha punje kama simenti. Feldspati ikioza ndani inaacha tundu, lakini udongo unaozaliwa humo unaweza kufunga mulango wake. Pengine maji yenye asidi yanayeyusha chokaa na kufungua njia tena.

Basi tusichanganye nafasi na njia. Nyumba ya vyumba kumi bila milango haipitishi mutu. Mufaransa Henry Darcy alieleza katika kitabu cha mwaka 1856, kisha kazi yake ya maji mujini Dijon, namna ya kupima maji yanayopita katika muchanga. Kipimo chenyewe kinaitwa kwa jina lake. Kando ya Ziwa Albert, upande wa Uganda, mafuta yaliyohakikishwa mwaka 2006 yamelala katika muchanga usioshikana sana. Ndiyo sababu yanapata njia.

Kwetu, sehemu kubwa ya Masisi na Walikale ni mawe ya kale na magumu. Mule maji yanafuata nyufa, si matundu ya punje. Anayetafuta mahali pa kisima asiridhike kusikia «ni jiwe la muchanga». Atie tone la maji juu ya jiwe kavu lililovunjwa sasa hivi: likinywewa mara moja, kuna njia, likikaa juu, milango imefungwa. Hilo si hakikisho, lakini ni mwanzo mwema kabla ya kijiji kutoa feza na nguvu zake.