Je, Wajua? Dola Kumi kwa Siku, na Foleni Mlangoni

Je, wajua kuwa Septemba 1997 wazazi wa Quebec, jimbo la Kanada linalozungumza Kifaransa, walianza kulipa dola 5 tu za Kanada kwa siku kumwacha mtoto kwenye kituo cha kulelea watoto? Mwenye kiwanda dola 5, mfagiaji wa kiwanda dola 5. Walianza watoto wa miaka minne, na kufikia mwaka 2000 hata wachanga walikuwa wamepokelewa. Waziri aliyeusimamia mpango huo, Pauline Marois, ndiye aliyekuja kuwa mwanamke wa kwanza kuliongoza jimbo hilo, mwaka 2012.

Je, wajua kuwa hata mwaka 2025 ada hiyo ya msingi ilikuwa bado chini ya dola 10? Mwaka 2004 ilipanda hadi dola 7. Mwaka 2025 ilikuwa dola 9.35.

Je, wajua kuwa wachumi wakiongozwa na Pierre Fortin walikadiria kwamba mwaka 2008 akina mama wapatao 70,000 zaidi walikuwa kazini Quebec kwa sababu ya vituo hivyo? Kwa hesabu yao, kila dola 100 ambazo jimbo lilitoa zililirudia dola 104, kwa kuwa mama anayefanya kazi hulipa kodi na hahitaji tena misaada mingi.

Je, wajua kuwa fedha nyingi za ruzuku hazipiti mkononi mwa mzazi? Serikali hukilipa kituo chenye leseni, na mzazi huongezea sehemu yake ndogo. Kwa hiyo jirani anayelea watoto sebuleni bila leseni hawezi kutoza ada hiyo nafuu, hata awe mlezi mwema kiasi gani. Kulea bila leseni si kosa. Katika jimbo jirani la Ontario, kwa mfano, sheria inamruhusu, mradi watoto wasizidi watano, na wa chini ya miaka miwili wasizidi watatu.

Na leseni inadai nini? Ontario, wachanga kumi lazima wawe na walezi watatu. Wanaoanza kutembea, mlezi mmoja kwa watano. Wa miaka mitatu, mmoja kwa wanane. Aliyewahi kulea mapacha hahitaji kuelezwa kwa nini kuna masharti hayo. Hapo pia ndipo gharama inapotoka: si midoli wala uji, ni mishahara ya watu. Mzazi mmoja hawezi kubeba peke yake karibu theluthi ya mshahara wa mtu mzima mwenzake, na ndiyo maana naona fedha ya umma hapa si hisani hata kidogo.

Je, wajua kuwa Vita vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyoleta fedha hizo za umma kwa mara ya kwanza? Mwaka 1942 wanawake waliitwa viwandani kuunda silaha, na serikali kuu ya Kanada ikakubali kugawana gharama za vituo nusu kwa nusu na Ontario na Quebec. Vita vilipokwisha, serikali kuu ikajitoa. Quebec ilifunga vituo vyake. Akina mama wa Toronto walipinga, na mwaka 1946 Ontario ikatunga sheria ya vituo vya kulelea watoto mchana, iliyodumu hadi 2015.

Je, wajua kuwa mwaka 1970 tume ya kitaifa kuhusu hali ya wanawake, chini ya Florence Bird, ilipendekeza sheria ya malezi ya watoto kwa nchi nzima? Mwaka 2005 serikali kuu ilifikia makubaliano na majimbo. Mwaka 2006 serikali mpya iliyafuta, ikawapa wazazi dola 100 kwa mwezi kwa kila mtoto wa chini ya miaka sita. Fedha hizo zilipokewa, lakini dola 100 hazijengi chumba wala haziajiri mlezi. Sheria yenyewe ilipitishwa Machi 2024. Msichana aliyezaliwa mwaka wa ripoti ya tume ile alitimiza miaka 54 mwaka huo, pengine ana wajukuu.

Je, wajua kuwa kabla ya sheria hiyo, bajeti ya serikali kuu ya Aprili 2021 ilitenga hadi dola bilioni 30 kwa miaka mitano, ili ada ishuke hadi wastani wa dola 10 kwa siku? Jimbo la British Columbia lilitia saini makubaliano kwanza, Ontario mwisho, Machi 2022.

Ada iliposhuka, foleni ikarefuka. Kuna vituo vyenye vyumba na vitanda tayari, lakini chumba kimefungwa kwa kukosa walezi. British Columbia huwaongezea walezi wenye cheti dola 6 kwa saa. Wewe uliye Vancouver au Toronto na una mimba, jiandikishe sasa hivi. Wala usisahau msaada wa ziada kwa wenye kipato kidogo: British Columbia huutoa hata kwa familia zenye mapato ya dola 111,000 kwa mwaka, ila lazima uuombe mwenyewe, na kuuomba upya kila mwaka.

Je, wajua kuwa mama mmoja kutoka Kongo aliipeleka Quebec mahakamani kwa ajili ya nafasi za vituoni? Alifika mwaka 2018 na watoto watatu wadogo, akaomba hifadhi, akapata kibali cha kufanya kazi. Lakini vituo vya ruzuku vilimfungia mlango, kwa sababu jimbo lilisema mwomba hifadhi hana haki ya nafasi hizo mpaka akubaliwe kuwa mkimbizi. Kibali anacho, watoto awaache wapi? Februari 2024 Mahakama ya Rufaa ya Quebec iliamua kwamba kuwazuia waomba hifadhi ni ubaguzi dhidi ya wanawake, na ikaamuru wenye vibali vya kazi wakubaliwe. Serikali ya jimbo ikaipeleka kesi hiyo Mahakama ya Juu ya Kanada.