Prado imenyanyuliwa, mafuta hayakai? Tazama matairi kabla ya kulaumu injini

Gari la familia likianza kunywa mafuta kuliko kawaida, mshukiwa wa kwanza huwa injini. Baba anabadilisha filta, anasafisha nozeli, anahama sheli akidhani ile ya mwanzo inachakachua. Mama anauliza mbona hela ya ada ya watoto imepungua. Mara nyingi jibu limesimama uani kwenye pembe nne za gari: matairi makubwa ya matope, yaliyofungwa siku gari liliponyanyuliwa.

Kwa mkazi wa Kibaha mwenye shamba la mihogo au mikorosho Kisarawe, kunyanyua gari si anasa. Masika yakikolea, njia za udongo za huko Mzenga na Maneromango hazina huruma na gari la chini. Ndiyo maana Toyota Land Cruiser Prado huwekewa spring ndefu na shokapu mpya, kisha matairi yenye kashata nene. Shambani linapita vizuri.

Tatizo ni siku nyingine zote. Familia inayokwenda shamba Jumamosi mbili kwa mwezi hutumia siku zilizobaki kwenye lami ya Barabara ya Morogoro, ikipeleka watoto shule na wazazi kazini. Tairi limenunuliwa kwa ajili ya siku mbili, lakini mafuta linakula mwezi mzima.

Linayalaje? Tairi linapozunguka, sehemu inayogusa barabara hubonyea, kisha hurudi. Nguvu inayopotea hapo hugeuka joto, na nguvu hiyo imetoka kwenye tangi. Kashata ndefu na laini za tairi la matope hupindapinda zaidi kuliko za tairi la kawaida. Juu yake kuna uzito: gurudumu kubwa ni zito, na kila gari linapoondoka kwenye foleni injini hulazimika kulizungusha upya. Na gari lililo juu hukamata upepo mwingi zaidi.

Ripoti ya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani ya mwaka 2006 ilieleza kuwa ukipunguza ukinzani wa tairi kwa asilimia 10, mafuta yanayookolewa ni asilimia 1 hadi 2. Ni kidogo, ndiyo. Ila anayetoka kwenye tairi la lami kwenda la matope hupandisha ukinzani kwa zaidi ya hapo, kisha anaongeza uzito, upepo na keria juu ya paa.

Kabla ya kukasirika, mzazi apige hesabu sawasawa, kwa sababu dashibodi nayo inadanganya. Prado nyingi zilikuja na tairi la 265/65R17, lenye kipenyo cha milimita 776 hivi. Wengi hulibadilisha kwa 285/70R17, ambalo ni milimita 831. Tofauti ni asilimia 7. Gari huhesabu mizunguko ya gurudumu, haliijui barabara, kwa hiyo likisema limetembea kilometa 420, kweli limetembea kama 449.

Tuseme gari hilo limetumia lita 60. Kwa kusoma dashibodi tu ni kilometa 7 kwa lita. Ukirekebisha ni 7.5. Kama zamani lilikuwa linakwenda 8.5, hasara ya kweli ni kilometa moja kwa lita. Ni nafuu kuliko ilivyoonekana, lakini kwa kila kilometa 1,000 ni lita kama 16 za ziada. Zizidishe kwa bei kikomo ambayo EWURA hutangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, ndipo baba na mama wazungumze.

Kosa hilohilo la asilimia 7 lina upande unaotisha kuliko bei. Kama saa ya spidi ilikuwa sahihi mwanzo, sasa ikionyesha 80 gari linakwenda zaidi ya 85. Ikionyesha 50, kikomo cha maeneo ya makazi, dereva ameshakivuka bila kujua, pengine mbele ya kivuko cha wanafunzi. Breki ni zilezile na magurudumu ni mazito zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, na majeruhi wa Barabara ya Morogoro si wageni katika Hospitali ya Tumbi.

Kuna na hili la uani: boneti ikipanda, mtoto mdogo aliyesimama mbele ya gari haonekani kutoka kwenye usukani. Kabla ya kuwasha gari, watoto wahesabiwe.

Kwa familia ya aina hii, chaguo la busara ni tairi la mchanganyiko, lile la lami na vumbi, katika saizi ileile ya kiwandani. Halitashinda kila dimbwi la Kisarawe, lakini kwa safari nyingi za shamba linatosha.

Upepo nao una kazi yake. Kwenye mchanga dereva hupunguza upepo ili tairi litanuke na kushika. Akirudi lami bila kuujaza, kila psi 10 zilizopungua humgharimu kama asilimia 2 ya mafuta. Hatari kubwa zaidi ni joto: tairi legelege kwenye mwendo wa kasi hupasuka. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva, kwa tairi la kiwandani. Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye gari humaliza kazi kabla ya kuingia barabara kuu.

Kwa wanaonunua mtumba, kashata nene isiwadanganye. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Na tairi la akiba liwe saizi moja na mengine, maana kwenye gari linaloendesha magurudumu yote manne, tairi moja dogo huchosha difu kwa safari moja tu ndefu.