Nafsi katika Ubongo: Uchakataji wa Taarifa Zinazomhusu Mtu Mwenyewe na Maswali kwa Utafiti wa Afrika Mashariki

Ikisiri
Makala haya yanafafanua namna ubongo unavyozishughulikia taarifa zinazomhusu mtu mwenyewe. Yanaonesha kwamba taarifa hizo hutambuliwa na kukumbukwa kwa wepesi zaidi, ila mipaka ya kinachohesabiwa kuwa nafsi hutofautiana baina ya jamii. Yanapendekeza kwamba mipaka hiyo ichunguzwe kabla vipimo vya kigeni havijatafsiriwa kwa Kiswahili.

1.0 Utangulizi
Binadamu hupokea taarifa nyingi kuliko anazoweza kuzizingatia kwa wakati mmoja, hivyo ubongo hulazimika kuchagua. Mwaka 1959, Neville Moray alichapisha majaribio ambamo washiriki walisikilizishwa ujumbe tofauti katika kila sikio na kutakiwa kufuatilia ujumbe wa sikio moja tu. Maneno ya sikio la pili hayakukumbukwa hata yaliporudiwa mara nyingi. Hata hivyo, jina la mshiriki mwenyewe lilitambuliwa katika baadhi ya nafasi.

2.0 Nafsi na Kumbukumbu
Mwaka 1977, T. B. Rogers, N. A. Kuiper na W. S. Kirker waliwapa washiriki vivumishi vya tabia pamoja na maswali ya aina nne: kuhusu ukubwa wa herufi, kuhusu sauti, kuhusu maana, na iwapo neno lilimweleza mshiriki mwenyewe. Baadaye, bila kuonywa mapema, washiriki walitakiwa kuyataja maneno hayo. Yaliyohusishwa na nafsi ndiyo yaliyokumbukwa zaidi. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba ujuzi wa mtu kujihusu ni mpana na umepangika. Neno jipya linapounganishwa nao hupata njia nyingi za kulirejesha.

3.0 Shughuli za Ubongo
Mwaka 2002, William Kelley na wenzake nchini Marekani walitumia mashine za sumaku zinazofuatilia mabadiliko ya oksijeni katika damu ya ubongo. Washiriki waliamua iwapo kivumishi kiliwaeleza wao wenyewe, kilimweleza Rais George Bush, au kiliandikwa kwa herufi kubwa. Eneo la kati la gamba la mbele la ubongo liliitenga hukumu ya nafsi na nyinginezo. Ikumbukwe kwamba shughuli za eneo hilo hazikupanda sana kuliko wakati wa mapumziko. Zilishuka katika hukumu nyingine, ilhali katika hukumu ya nafsi hazikushuka hivyo. Aidha, eneo hilohilo hushiriki katika kuwafikiria watu wengine na kupima thamani ya vitu. Kwa hiyo, si sahihi kuliita makao ya nafsi.

4.0 Mipaka ya Nafsi
Mwaka 2007, Ying Zhu na wenzake waliwalinganisha wanafunzi Wachina na wa nchi za Magharibi, 13 kila upande. Kwa Wachina, eneo hilo lilihusika katika kujihukumu na katika kumhukumu mama. Kwa wa Magharibi, lilihusika katika kujihukumu tu. Sampuli ni ndogo, lakini swali lililoibuliwa ni kubwa.

Nchini Kenya, utafiti wa Vaunne Ma na Thomas Schoeneman uliochapishwa mwaka 1997 uliwataka watu wajibu swali "Mimi ni nani?" mara kadhaa. Wamaasai na Wasamburu walijieleza zaidi kwa nafasi zao katika jamii, ilhali majibu ya wanafunzi wa chuo kikuu jijini Nairobi yalikaribia zaidi yale ya Wamarekani. Kwa hiyo, hakuna "nafsi ya Kiafrika" iliyo moja. Elimu na maisha ya mjini huenda yana nafasi katika tofauti hizo.

Lugha nayo huleta masuala yake. Katika jamii nyingi za Waswahili, mwanamke aliyezaa huitwa kwa jina la mwanawe: Mama Asha, Mama Juma. Jaribio la Moray likirudiwa kwake, jina litakalomzindua ni lipi: alilopewa na wazazi wake, au la mwanawe? Vilevile, neno "mama" humjumuisha mama mkubwa na mama mdogo. Hivyo swali la Zhu likitafsiriwa neno kwa neno huenda likapima kitu kingine.

5.0 Hitimisho
Taarifa inayomgusa mtu hudumu. Mwalimu anayemtaka mwanafunzi alihusishe somo na maisha yake, na mtaalamu wa afya anayeandaa ujumbe wa chanjo, wote wanaweza kunufaika na matokeo haya. Hata hivyo, ujumbe unaosema "linda afya yako" na ule unaosema "linda afya ya wanao" huenda usiwe na uzito sawa kwa kila msikilizaji. Washauri wa sera wasichukulie upande wowote kuwa jibu kabla ya majaribio kufanywa kwa Kiswahili, mjini na vijijini, miongoni mwa waliosoma na wasiosoma. Wahenga walisema mtu ni watu. Ni kwa kiasi gani kauli hiyo inajidhihirisha katika utendaji wa ubongo ni suala linaloweza kupimwa.